Mzee Senzia na Tairi Zake Kubwa

Isome hii hadi mwisho, kisha mtumie ndugu ambaye hamjasemeshana siku nyingi.

Mzee Senzia wa Same alikuwa anakwenda Korogwe kumposea mwanawe Kirambo. Wiki hiyo alikuwa ameifunga pikapu yake tairi kubwa kuliko za awali, ili isikwame kwenye tope la shambani, na alijiona bwana kweli kweli. Ndani alikuwa na mkewe na mshenga. Nyuma alifuata mdogo wake, Mbonea, akiendesha gari aina ya Noah iliyojaa mashangazi.

Katika ukoo wao, msafara wa posa huingia kwa wakwe pamoja. Ukiingia vipande vipande, wakwe husema hawa hawapatani, na binti hatolewi. Kwa hiyo ndugu wale walikubaliana mapema: mwendo ni themanini, basi.

Lakini kila Mzee Senzia alipotazama kioo, Noah haionekani. Akaegesha, akasubiri. Wakaondoka tena, Noah ikapotea tena. Mshale wa mwendo kwenye pikapu ulikuwa kwenye themanini, na injini ilivuma vilevile kama siku zote. Akaanza kumshuku mdogo wake. Mbonea hakuipenda posa hii tangu mwanzo, na kwenye kikao cha ukoo alisema waziwazi.

Waliposimama Mombo, uvumilivu ukamwishia.

"Mbonea, kama hutaki mwanangu aoe, sema tu. Usitucheleweshe makusudi."

"Kaka, nipo themanini tangu Same. Wewe ndiye unayekimbia."

"Nikimbie mimi? Kwani mshale siuoni?"

Shangazi mkubwa akachoka kuwasikiliza. "Senzia, ingia humu ukae na mdogo wako, uone mwenyewe. Pikapu aendeshe mshenga."

Mzee Senzia akamkabidhi mshenga ufunguo. "Themanini, bwana. Usiongeze hata kidogo."

Akapanda Noah, akaukodolea macho mshale. Ukapanda hadi themanini, ukatulia hapo. Mbele yao pikapu ikazidi kuwa ndogo, mwisho ikaishia kwenye kona.

Akampigia mkewe. "Mwambie mshenga apunguze mwendo."

"Apunguze nini, Baba Kirambo? Yuko themanini, namwona."

Mzee akakata simu. Akazikumbuka tairi. Mshale ulihesabu mizunguko kana kwamba bado ni zile ndogo, kumbe kila mzunguko wa tairi kubwa hula barabara ndefu zaidi. Themanini yake ilikuwa karibu tisini.

Aibu ikamshika. "Nisamehe, mdogo wangu. Nimekuhukumu njia nzima, kumbe ninayekuacha ni mimi."

Mbonea akacheka. "Posa yenyewe sikuipenda, kaka. Ila mtoto ni wetu."

Wakamkuta mshenga akiwasubiri kando ya barabara. Noah ikatangulia, pikapu ikafuata, mshale wake ukiwa sabini na kitu, injini ikizunguka taratibu. Wakaingia Korogwe wamefuatana, na wakwe wakawapokea kwa vigelegele.

Funzo: Ukibadilika, kipimo chako cha zamani hakitakwambia. Kabla hujamlaumu nduguyo kwamba amebaki nyuma, panda kwanza gari lake.