Siku Bibi Nyanjura Alipomsema Mama

"Mama mgonjwa hafichwi, huuguzwa." Mmesikia jirani akiambiwa hivyo leo, nanyi mnaniuliza ni mama gani huyo. Kaeni basi. Methali hii ilianzia hapa hapa ufukweni, na mimi nilikuwepo.

Ziwa letu tuliliita Mama, na Mama hasemwi vibaya. Hata likizamisha mtumbwi, tulisema tu kwamba Mama amechoka. Basi kiwanda cha ngozi kilipojengwa kule kwenye mto unaoingia ziwani na maji yakaanza kunuka, tulinyamaza. Watoto wakatoka vipele, kila nyumba ikawafunika ikidhani aibu ni yake peke yake. Tulikuwa wajinga wenye adabu nzuri.

Aliyeulinda mwiko huo kuliko wote ni Bibi Nyanjura. Alikuwa akimlea mjukuu wake mchanga, Masatu, tangu binti yake alipofariki. Ngozi ya mtoto ilichubuka kila alipoogeshwa, naye bibi akazidi kumwogesha, akiamini maji ya Mama yatamponya.

Siku moja bwana afya akaja kutoka wilayani, akatukusanya na kuuliza kama maji yana tatizo. Hakuna aliyefungua kinywa. Alikuwa ameshafunga daftari lake Bibi Nyanjura aliposimama, mtoto mgongoni. Tulidhani anataka kumfukuza mgeni.

"Mama yangu aliyenizaa aliugua miaka mitatu," alisema. "Niliposema ana vidonda na anahitaji dawa, nilikuwa namtukana?"

Mzee Magesa akamjibu taratibu, "Hapana, dada. Ulikuwa unamuuguza."

"Basi na Mama huyu wa hapa anaumwa." Akafungua kanga, akamwonyesha mgeni mgongo wa Masatu. "Nami nimemuumiza mtoto huyu kwa mikono yangu mwenyewe."

Akalia, na sisi tukalia naye. Mke wangu akawa wa kwanza kumfuata, akapandisha mkono wa gauni lake na kuonyesha vipele. Kisha nyumba baada ya nyumba tukajitokeza, tukaandikwa wote.

Ilichukua miaka miwili kiwanda kulazimishwa kuchimba mabwawa ya kusafishia maji yake. Muda wote huo tulipeana zamu ya kwenda kwenye kisima cha mbali kumchotea Masatu maji ya kuoga, na zamu hiyo haikukosa mtu hata siku moja.

Ziwa halijapona sawasawa, wajukuu zangu. Lakini sasa tunautaja ugonjwa wake bila woga, kwa sababu tunalipenda. Mama mgonjwa hafichwi, huuguzwa.