Shija Bila Kulwa na Doto

Kalamu haikuwepo uzazini. Mmeisikia kauli hiyo leo kisimani, mmerudi mnacheka, mnaniuliza imetoka wapi. Ilitoka kinywani mwa bibi yenu Kabula. Kaeni, nitaisema mara moja tu, maana hunichosha.

Sisi Wasukuma hatuokoti jina njiani. Kabula ni aliyezaliwa mvua ikinyesha. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Bibi yenu alizaa Kulwa na Doto humu ndani. Walikaa siku tisa, wakaondoka wote wawili. Mwaka wa pili akazaa msichana. Kila alipomwita Shija, alikuwa anawaita watoto watatu. Hakuwa na kumbukumbu nyingine, hata kitambaa.

Tukaenda kumwandikisha. Karani alikuwa mtu wa huku huku, na hilo ndilo linaloniuma.

"Shija?" akasema. "Mama, usinifundishe kwetu. Shija hufuata pacha. Wako wapi?"

"Walikufa, baba."

"Vyeti vyao?"

"Siku tisa, baba. Cheti ningekitoa wapi?"

"Basi kwa serikali hawakuzaliwa. Na kama hawakuzaliwa, huyu atawafuataje? Namwandika Furaha. Ufurahi na wewe, mama, umekunja uso kama umelamba shubiri."

Watu kwenye foleni wakacheka. Kabula akamtazama, akasema taratibu, "Andika. Lakini kalamu yako haikuwepo uzazini."

Foleni ikacheka tena, safari hii ikimcheka karani. Wakaibeba mpaka minadani, ikawa msemo. Karani akapandishwa cheo. Hao ndio hupandishwa.

Nyumbani aliitwa Shija. Furaha alikaa kwenye makaratasi tu, mpaka akaolewa mbali.

Kisha Kabula akaugua tumbo, tukampeleka hospitali. Wodi ya wanawake, mimi nikazuiwa. Ruhusa ilikuwa ya ndugu mmoja wa kike, mgonjwa amtaje mwenyewe. Kabula akamtaja Shija. Binti akaja na basi la asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope, akatoa kitambulisho getini.

"Hapa pameandikwa Shija," mlinzi akasema. "Wewe ni Furaha."

"Ndiye huyo huyo," nikasema. "Mimi ndiye baba yake."

"Mzee, mtu mmoja majina mawili? Hao ndio wanaotuibia mashuka. Msubirini mkubwa, yuko kikaoni."

Tukasubiri. Jua likapanda mpaka utosini. Binti akaita, "Mama! Mama!" kupitia vyuma vya geti, mlinzi akamwambia asipigie wagonjwa kelele. Mkubwa alikuwa kikaoni. Tangu nizaliwe sijaona kikao kinachoisha mtu akiwa na shida.

Saa saba muuguzi akatoka, ameshika kanga ya Kabula, imekunjwa.

"Nani hapa anaitwa Shija?"

Binti akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Mama alikuita asubuhi nzima," muuguzi akasema. "Nilidhani hukuja."

Mlinzi akafungua geti. Sasa hakuuliza kitambulisho.

Kwenye cheti cha kifo waliandika ameacha mtoto mmoja, Furaha. Nilikisoma kwa kuunga herufi. Msalabani nikachonga kwa kisu changu: Mama wa Kulwa, Doto na Shija.

Kesho mkiisikia kisimani, msicheke. Kalamu haikuwepo uzazini.