Kila Mtu Alipewa Tundu

Niwieni radhi kabla sijaanza, maana mfano huu nitauharibu. Najijua. Wenzangu wenye kipaji hiki wakisimama mbele ya watu wazima huwaletea mkulima na mbegu zake, au bwana na mtumishi wake, na wakimaliza watu wanajifuta machozi kwa adabu. Mimi nimewaletea chaja ya simu. Mbegu sina, mtumishi sina, hata mbuzi wa kusingizia sina. Tena nimekasirika, na mtu aliyekasirika husimulia kama anayefukuza kuku: mara huku, mara kule, mara amekanyaga sufuria. Nifuateni hivyohivyo.

Mama mmoja alikuwa na watoto watatu, shamba moja, na masikio mawili ya kuchaji.

Jina lake Namkunda. Shamba lilikuwa mteremkoni, migomba juu, iliki chini yake, na katikati kaburi la mumewe. Masikio aliyozaliwa nayo yalikuwa yamestaafu. Hospitalini wakampa mashine mbili ndogo za kuvaa masikioni, kila moja kama punje ya harage. Mashine hizo hulala ndani ya kikebe, na kikebe huchomekwa kwenye umeme. Zikishiba, mama anasikia mpaka jogoo wa jirani akikohoa. Zisiposhiba, dunia nzima inafunga mdomo. Na nyumba yake ilikuwa na soketi moja tu, sebuleni, pembeni mwa kabati la vyombo.

Watoto wake walikuwa watu wa mjini: Mbonea, kifungua mimba, Nakiete, binti wa katikati, na Elihuruma, kitinda mimba mwenye ndevu. Kila walipokutana kwa mama yao, ile soketi moja iliwagombanisha. Sikukuu iliyopita Mbonea alichomoa simu ya Elihuruma ili achomeke yake, na ndugu hao wakanuniana mpaka mvua za masika. Walipoitana tena, walikuwa na jambo zito. Mtu fulani alitaka kulinunua shamba la mteremkoni ajenge nyumba ya wageni. Kwa mila ya ukoo ule, shamba aliloacha baba haliuzwi mpaka mjane akubali mwenyewe, mbele ya watoto na mzee mmoja wa jirani. Sasa, watu wenye akili wakiwa na jambo la namna hiyo huanzia wapi? Hawa walianzia kwenye soketi. Wakasema, tununue chaja ya matundu mengi, tukae kwa amani.

Wakasimama kwenye duka moja njiani. Muuzaji akawawekea chaja mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa na matundu mawili na nguvu nyingi. Ya pili ilikuwa na matundu sita na nguvu ndogo kuliko ile, ila boksi lake lilikuwa limeandikwa HARAKA kwa herufi ambazo hata mama angezisoma bila miwani.

"Kaka, nisije nikalaumiwa," muuzaji akasema. "Nguvu iliyoandikwa hapa ni ya sinia zima, siyo ya kila mkono. Mkiwa sita mnagawana. Na hili tundu la juu lenye alama ya radi ndilo linalokula kwanza. La chini kabisa linalamba sinia. Kwani mnachaji nini na nini?"

Wakamtajia. Kompyuta mpakato. Simu tatu. Saa ya mkononi. Spika za masikioni za kusikilizia muziki. Masikio ya mama yao hakuna aliyeyataja.

"Chukua ya sita," Mbonea akasema. "Kila mtu awe na tundu lake, asiwepo wa kulalamika."

Hapo ndipo hasira zangu zinapoanza, na naomba mnishike shati. Watu wazima watatu, wenye vyeti ukutani, wanahesabu midomo ya mtungi na hawachungulii kama mna maji. Na msicheke, ndiyo ustaarabu wetu wa siku hizi. Ukitaka kumnyima mtu kitu, usimfukuze. Ukimfukuza atapiga kelele na majirani watasikia. Mpe nafasi. Mpe kiti kwenye kamati, mpe beji yenye jina lake, mpe na soda. Kisha hakikisha kule alikochomekwa hakufiki umeme. Atalalamika kwa nani? Nafasi si amepewa?

Wakafika. Mama alikuwa jikoni tangu alfajiri, na tangu alfajiri umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo masikio yake yalikuwa yanaishiwa chaji. Umeme ukarudi wageni walipokuwa wanavua viatu. Wakachomeka chaja yao mpya, na matundu yakagawanywa kama nyama inavyogawanywa kwenye ukoo ule: mkubwa anatangulia. Mbonea akachukua tundu la radi, akaweka kompyuta, maana ndani yake mlikuwa na picha za ile nyumba ya wageni. Akachukua na la pili, akaweka simu. Nakiete akaweka simu na saa. Elihuruma akaweka simu na spika zake za muziki. Sita yameisha. Amani ilikuwa imetawala mpaka unaweza kuipaka kwenye mkate.

Mama akatoka jikoni, kikebe mkononi. Akaitazama chaja. Akaona masikio ya muziki yamechomekwa, na masikio yake yeye ameyashika.

Mfahamu kwamba mama yule tangu watoto wakiwa wadogo alikuwa anakula wa mwisho. Anapakua, anagawa, halafu anakwangua ukoko wa sufuria na kusema ameshiba. Kwa sentensi hiyo aliwalea wote watatu, na hakuna aliyewahi kuuliza kama ni kweli. Kwa hiyo alipoona matundu yamejaa, akasema lile aliloligundua zamani kuwa halimuudhi mtu.

"Chajini tu, wanangu. Ninyi mna safari. Mimi sina haraka."

"Aa, mama, hatuwezi kukuacha hivyo," Nakiete akasema, na akachomoa saa yake. "Leta hapa. Na wewe upate tundu lako."

Elihuruma akahamishia spika zake kwenye tundu la saa, mama wakampa la chini kabisa. Kitaa cha kijani kikawaka, wote wakakiona, wote wakatabasamu. Basi. Mama amechomekwa.

Lakini chaja ile ilikuwa na tabia. Kila kitu kipya kilipochomekwa au kuchomolewa, ilikata umeme kwa wote, ikavuta pumzi, ikagawa upya kuanzia juu. Na Mbonea hatulii na simu. Akipigiwa anachomoa, akimaliza anachomeka. Elihuruma anachomoa aone ujumbe, anachomeka. Kompyuta pale juu ilikuwa inakunywa kama ng'ombe aliyetoka malishoni kiangazi. Kule chini kikebe cha mama kilipata matone, kikakatiwa, kikapata matone, kikakatiwa. Na kitaa kiliendelea kuwaka kijani muda wote, kwa uaminifu kabisa, kama msemaji wa serikali.

Alipofika Mzee Senkondo, jirani wa kushuhudia, kikao kikaanza. Mama akatoa mashine zake kikebeni, akazivaa, akajifunga khanga vizuri, akakaa. Mbonea akasimama.

"Mama," akasema, "kwanza kabisa, shamba hili ni lako. Baba alikuachia wewe. Hakuna mtu chini ya jua hili wa kukuondoa hapa."

Mama machozi yakamlenga. Na hapohapo, ndani ya masikio yake, ukapita mlio mdogo mtamu, ule ambao mashine hizo huagia zikiishiwa, mlio ambao duniani aliusikia yeye peke yake. Kisha kimya.

Mbonea akaendelea. Neno lililofuata lilikuwa "lakini."

Mtaniuliza kwa nini mama hakusema kuwa hasikii. Nami nitawauliza ninyi mara ya mwisho bibi yenu aliposema, "Umesemaje, mwanangu?" mlimjibu nini. Nitawajibia: "Basi tu, bibi, siyo muhimu." Mama yule alikuwa ameambiwa siyo muhimu mara nyingi mno na watu aliowazaa. Kwa hiyo alikuwa amejifunza kusoma nyuso. Wakicheka, anacheka. Wakiinamisha vichwa, anasema amina. Wakimgeukia wote kwa pamoja na kutulia, anajua ameulizwa jambo, na anaitikia kwa kichwa, maana kuitikia hakujawahi kuvuruga kikao.

Akaonyeshwa picha kwenye kompyuta: nyumba nyeupe, vyumba vingi, bwawa la kuogelea pale palipokuwa na iliki. Akadhani ni mahali anapofanyia kazi mwanawe. Akampigapiga begani kumpongeza.

"Basi, mama," Mbonea akasema, "umekubali?"

Nyuso zote zikamgeukia. Mama akaitikia kwa kichwa. Akaitikia tena, kwa furaha, na wale watoto wakapumua kama watu waliotua mzigo. Mzee Senkondo akasema ameona kwa macho yake. Wakapiga makofi. Mama naye akapiga.

Wakamwashiria aseme neno la kufunga. Akainuka.

"Ahsanteni, wanangu. Usingizi ulikuwa umenipaa. Nilidhani mmekuja kuniondoa. Sasa nitazikwa pale pembeni mwa baba yenu, na Mungu awape watoto kama nilivyopewa mimi."

Akaketi, akawatazama mmoja mmoja, anatabasamu.

Hakuna aliyepiga makofi. Nakiete ndiye aliyefungua mdomo kwanza. "Kaka, mama hakusikia. Hakusikia hata neno."

"Tumchajie masikio tumwulize upya," Elihuruma akasema. "Tumpe lile tundu la juu, tukae, tusubiri. Shida iko wapi?"

Mzee Senkondo akaichunguza kofia yake ndani, kama vile kuna mtu ameandika jibu humo.

Mbonea alikuwa anazungusha waya wa kompyuta kwenye kiganja chake, taratibu, mzunguko juu ya mzunguko. Hakupandisha sauti. Na maneno aliyoyasema ndiyo yaliyonifanya niwasumbue leo.

"Kila mtu alipewa tundu," akasema. "Na mama alipewa lake."

Mngejibu nini? Ni kweli tupu. Ungeupeleka ushahidi huo mahakamani, hakimu angeupa kiti. Nakiete akaitazama simu yake, ikawa imejaa. Elihuruma akaitazama yake, nayo imejaa. Na mtu ambaye simu yake imejaa huona ubishi kuwa kazi nzito. Wakaingia garini. Mama akawafungia ndizi na iliki, akawapungia mkono mpaka wakapotea kwenye kona.

Shamba likauzwa. Kaburi la mzee sasa liko nyuma ya jiko la nyumba ya wageni, limezungushiwa maua, wageni wanaambiwa ni bustani. Mama anaishi mjini kwa Mbonea, kwenye chumba chenye soketi kila ukuta. Masikio yake hayajawahi kushiba kama sasa. Yamejaa asubuhi, yamejaa adhuhuri, yamejaa jioni. Mwanawe yuko kazini, mkwe yuko kazini, wajukuu wako shuleni. Mama anasikia friji.

Nilipaswa sasa niwafafanulie, kama wafanyavyo walimu wa kweli: soketi ni nini, tundu ni nini, kompyuta ni nani. Sifafanui. Kompyuta anajijua. Nawaachia swali moja tu, mwende nalo nyumbani: ukimpa mtu nafasi ya kusema na ukamnyima nguvu ya kusikia kinachosemwa, umempa nini?

Mnaitikia kwa vichwa. Ndivyo mlivyofanya tangu nianze, nami nikawa najisifu moyoni kwamba leo, kwa mara ya kwanza, mfano wangu umeeleweka. Na nimesema yote haya bila kumwuliza hata mmoja wenu aliyekaa kule nyuma kama ananisikia.