Mashine Inasema Unasikia

Alikuwapo bwana mmoja, wapendwa, ambaye mkewe alipenda kwaya kupita kiasi. Mama huyo akaugua homa kali. Akapona, lakini masikio yakabaki mazito, na redio kubwa ya sebuleni ikawa kwake mngurumo tu. Bwana akaapa kwamba mkewe atazisikia tena nyimbo zake.

Akajitengenezea kipimo cha sauti: chipu ya kompyuta, kipaza sauti kidogo, na kioo chenye mistari inayopanda na kushuka kufuata muziki. Kila akitoka kazini, hata viatu hajavua, anapima, anapunguza besi, anasogeza spika, anapima tena. Alichoka, jamani. Mgongo ulimuuma, macho yakawa mekundu. Na mkewe yuko kwenye kochi, anangoja kuulizwa.

"Sasa je?"

"Bado, baba watoto. Maneno siyapati."

"Huyapati vipi? Tazama mistari ilivyokaa sawa! Mashine inasema unasikia."

Mnacheka. Mle ndani hapakuwa na wa kucheka. Ingekuwa wewe, ungejibu nini?

Jioni moja bwana akafungua spika zote, akazifunga upya, akainuka ameshika kiuno. Alikuwa hoi, hata kutega sikio hakutega. Akauliza kwa mazoea tu, "Sasa je?"

Mkewe akamtazama mdomo, akamtazama na yale macho. Akatabasamu. "Sasa nasikia vizuri, kila neno. Asante, baba watoto. Nenda kapumzike."

Machozi ya furaha yakamlenga bwana. Akanyoosha mkono aizime redio akalale.

Alikuwa hajaiwasha.

Ndugu zangu, yule mama alichoka kubishaniwa masikio yake mwenyewe. Na sisi je? Mjane anatuambia bado analia, tunamjibu, "Si tulishakuombea?" Kijana anasema moyo haujatulia, tunamwambia, "Mbona semina umemaliza?" Tunawapenda, ndiyo. Tunawahangaikia hadi tunaishiwa nguvu. Lakini hatuwaamini. Mwisho wanatuonea huruma, wanasema, "Niko salama, Bwana asifiwe," nasi tunapiga makofi.

Nami nimechoka kuambiwa mko salama. Leo nikisimama pale mlangoni kuwapa mkono, asiyesikia aniambie hasikii. Sitabishana naye.