Kalibu ya Babu Masatu

Kalibu huvunjwa, chombo kielee.

Mmemsikia mama yenu akiisema, sasa mnaniuliza, eti Bibi, kalibu ni nini na kwa nini ivunjwe? Sogeeni. Maneno haya hayakutoka mbali. Yalizaliwa uani hapa hapa Musoma, na aliyeyazaa ni babu yenu Masatu. Ilikuwa hivi.

Mama yenu, Nyamburi, alikuwa amepata kazi ya ukunga katika zahanati ya kisiwani. Akasema hangoji mtumbwi wa mtu. Atakwenda kwa mashua ya tanga aliyoiunda mwenyewe kwa faibaglasi. Kilichobaki ni kifuniko cha mbele, kile kinachozuia mawimbi yasiijaze mashua. Bila hicho hakuna safari, na Jumatatu alitakiwa kazini.

Babu yenu akamchongea kalibu yake. Alilichimba gogo la mvule mfano wa bakuli refu, ili vitambaa vya faibaglasi vitandazwe ndani, vipakwe gundi, na vikikauka vitoke na umbo lile. Jamani, alilisugua gogo lile! Msasa juu ya msasa, hadi likang'aa kama goti la bibi arusi. Mimi mkewe sikuwahi kutazamwa hivyo.

Nyamburi akaipaka nta ili gundi isishikane na mti, akaenda kukata vitambaa. Huku nyuma majirani wakaja kuangalia, Magesa wa nyumba ya pili akiwa mbele. Sasa babu yenu ataionyeshaje kazi yake ikiwa imefunikwa na utando mweupe? Akachukua kanga yangu, akaifuta nta yote. Wakasifu weee, wakaondoka. Naye akasahau. Nyamburi akarudi, akatandaza vitambaa vyake, asijue.

Asubuhi kifuniko kikagoma kutoka. Akagonga, akamwagia maji, akavuta. Wapi! Na gundi ilikuwa imekwisha, hakuna ya kuundia kingine.

"Baba, nimeharibu," akasema, machozi yakimlenga. "Nta sikuipaka vizuri. Bora wampe kazi mtu mwingine."

Babu yenu akaitazama kanga yangu kwenye kamba, madoa ya nta bado yamo.

"Hukuharibu, mama," akasema taratibu. "Nta niliifuta mimi. Nilitaka Magesa aone ninavyojua kuchonga."

"Baba!"

"Ndiyo hivyo. Niletee nyundo na kabari."

"Za nini? Si tukate kifuniko kidogo kidogo..."

"Halafu mashua uifunike na nini? Kofia yangu?"

"Lakini kalibu yako, baba. Kazi yote ile!"

"Hiyo haina safari. Msafiri ni wewe."

Akaweka kabari kwenye mshipa wa mti, akapiga. Mvule ukalia, ukapasuka vipande viwili, na kifuniko kikaanguka mchangani kizima. Babu yenu akakipapasa. Kilikuwa laini kama yai. Msasa wake wote ulikuwa umehamia humo. Akacheka peke yake.

Kipande kimoja cha kalibu ndicho kile kuku wanachonywea maji. Cha pili nilimwogeshea kaka yenu mkubwa alipozaliwa.

Jumatatu, Nyamburi akiwa tayari ziwani, Magesa akapita, akaona vile vipande. "Masatu! Umechanganyikiwa? Uzuri wote ule umeupasua?"

Babu yenu hakumgeukia. Macho yake yalikuwa kwenye tanga, jinsi lilivyokuwa likijaa upepo.

"Kalibu huvunjwa, Magesa," akasema, "chombo kielee."