Kiboko na Kobe Watatu wa Habari Laini

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mashine ya kusaga: mnene akashika mafuta, mwembamba akashika ngoma. Unga alikula nani?

Mnene!

Kumbe mnajua. Basi tulieni.

Kiboko alikuwa na mashine ya kusaga kando ya mto. Kila debe la mahindi aliloletewa, nusu ya unga ilibaki kwake. Aliyelalamika alirudi na debe tupu.

Kiboko alikaa nje, ameshika mkono wa mafuta. Akisukuma, injini inakimbia. Akivuta, injini inapoa. Ndani hakuingia, tumbo halikupita mlangoni. Kwa hiyo alimweka ndani Panya Buku, akae karibu na gurudumu lenye meno. Kila jino likipita, Buku anapiga ngoma: ti! Gurudumu likikimbia, ti-ti-ti-ti! Likilemewa na mahindi, ti... ti... ti. Kiboko akisikia, anajua asukume au avute.

Lakini gurudumu lilikuwa kuukuu, linayumba, na ngoma ikayumba nalo: ti-titi, ti, titi-ti.

"Kelele gani hizi?" Kiboko akafoka. "Nataka habari laini!"

Akamweka Kobe mlangoni. Kazi ya Kobe: asikilize milio ishirini, aitulize kichwani, ndipo aseme neno moja kwa upole. "Inakimbia, bwana." Au, "Imelemewa, bwana." Kiboko akafurahi, masikio yakapumzika.

Injini haikupumzika. Mahindi yakimwagwa, gurudumu linalemewa, Buku anapiga ti... ti..., Kobe anahesabu. Mpaka aseme "Imelemewa, bwana," mahindi yameshasagika na gurudumu limeshapata nguvu. Hapo ndipo Kiboko anasukuma mafuta. Vuuu! Unga ukaungua.

"Nani kaharibu unga wangu?"

"Mimi nasema ninachosikia tu, bwana," Kobe akajibu kwa upole.

Basi Kiboko akamwita Buku nje, akamkanyaga. Pwa! Mara moja ilitosha. Wewe unayecheka, nyamaza. Hapo hakuna cha kucheka.

Kesho yake akaja mjane wa Buku na watoto wanne wenye njaa. Akapewa ngoma ile ile, ngozi bado ina alama za vidole vya mumewe. Kabla ya kuipiga akasema ukweli.

"Shikamoo bwana. Habari unayopata si ya uongo, inachelewa tu. Mtoe Kobe, au mwambie asikilize milio mitatu badala ya ishirini."

"Kobe ana adabu," Kiboko akasema. "Wewe na marehemu wako mna kelele. Unga ukiungua tena, nakukanyaga wewe na wanao."

Mjane akameza machozi. Akainama.

"Nimekosa, bwana. Tena kwa mkubwa kama wewe, Kobe mmoja hatoshi. Weka watatu wapokezane. Habari itakuwa laini kama uji."

"Sasa umepata akili!"

Wakawekwa watatu. Wa kwanza akatuliza ngoma, wa pili akatuliza maneno ya wa kwanza, wa tatu akatuliza maneno ya wa pili. Mjane akawavusha watoto ng'ambo ya mto, akarudi, akapiga. Hakudanganya hata jino moja.

Maneno yalipomfikia Kiboko, gurudumu lilikuwa limeshageuka. Linalemewa, anaambiwa, "Inakimbia, bwana." Anavuta. Linalemewa zaidi. Linakimbia, anaambiwa, "Imelemewa, bwana." Anasukuma. Linakimbia zaidi. Injini ikalia ngo... ngo. Vuuu! Ngo...... ngo. Vuuuuu!

Mjane akaweka ngoma chini, akatoka nje kupitia tundu la ukuta. Mkanda wa injini ukakatika, paa! Gurudumu likapasua ukuta, likamkuta Kiboko kifuani, bado anasukuma.

Wanyama walipokwisha kumzika Kiboko, Kobe wa tatu akafika kaburini, polepole, akainama kwa adabu.

"Inakimbia, bwana."

Wote wakacheka. Mjane hakucheka, maana mumewe hakufufuka. Na mashine imeshatengenezwa. Mkono wa mafuta kaushika mtoto wa Kiboko, na Kobe wote watatu wamebaki kazini. Anayetafutwa ni mpiga ngoma.

Funzo, wanangu: msimpigie mkubwa kelele. Semeni naye polepole, kwa adabu, akishazikwa.

Ngano yangu imefika mwisho. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mimi, nimeizoea.