Kibuyu cha Mzee Ambokile

Kaeni vizuri. Nyie mnaocheka kwamba niliishia darasa la tano, ngano hii hata mwalimu wenu haijui. Alinipa bibi, jioni tukimenya maharage, moshi wa jiko lake ukinukia kuliko udi.

Alikuwepo Ambokile, mzee wa kanisa. Zimwi likampa kibuyu cha pombe kisichokauka. "Kunywa kwa siri, mzee wangu, hutayumba. Ila ukisema tu, utayumba."

Akajifungia ghalani, akanywa, akatoka amenyooka kama mlingoti. Mbuzi wake ndiye aliyeyumba. Akacheka!

Siku ya pili akanywa. Mkewe akayumba njiani, mtungi ukavunjika. "Mama, umelewa?" watu wakamzomea. Ambokile akapita zake, Biblia kwapani.

Siku ya tatu akanywa, akasikia yowe. Binti yake Tusajigwe alikuwa anayumba juu ya daraja la gogo, mtoto mgongoni, na chini mto umefurika.

Mzee akatimua mbio, akakipasua kibuyu mbele ya kijiji kizima. "Ee Yesu nisamehe! Mlevi ni mimi, hawa wanayumba kwa ajili yangu!"

Papo hapo Tusajigwe akasimama imara, akavuka. Ulevi wa siku tatu ukamrudia mwenyewe, akaanguka matopeni. Mkewe akamwinua: "Twende nyumbani, mlevi wangu." Mzee akalia kwa furaha, maana sasa miguu iliyoyumba ilikuwa yake.

Ngano imelala hapo. Bibi akimaliza alikuwa ananitazama tu, mpaka niteme sukari niliyoiba. Siku hizi naimumunya mpaka inaisha, na hakuna wa kunitazama.